Nani Atamsemea Ustadh

Jumamosi, 27 Aprili. Dushanbe.

Tumefika. Mvua. Begi langu limefika na gurudumu moja. Si neno. Sikuja huku kwa ajili ya mabegi.

Niliweke wazi jambo lenyewe hapa, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza. Marehemu Ustadh Behruz Ashtari alifundisha historia ya Bukhara mjini Mashhad maisha yake yote, na Bukhara yenyewe hakuiona. Kwanza mpaka ulifungwa. Mpaka ulipofunguliwa, akanyimwa pasipoti. Alipopewa pasipoti, moyo ukagoma. Alikuwa akituchorea vichochoro vya mji ule ubaoni kwa chaki, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeelekeza wageni nyumbani kwake. Alhamisi hii anatimiza mwaka kaburini. Mjane wake, Bi Turan, amejiunga na msafara huu wa kuzuru urithi wetu kwa ajili hiyo tu. Alhamisi, ndani ya Bukhara, atapika halua ya kumkumbuka marehemu kwa mikono yake, na mtu mmoja atasimama kumsemea Ustadh katika mji alioupenda bila kuuona.

Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Nilikuwa mwanafunzi wake. Miaka mingi nimewashambulia maadui zake magazetini, wakiwemo wale ambao yeye mwenyewe hakujua kuwa ni maadui. Atakayesimama Bukhara ndiye atakayehesabiwa mrithi wake. Mashhad nzima italijua hilo kabla hatujarudi.

Kikwazo kimoja tu: sharti Bi Turan aniombe. Jambo kama hili mtu hajiombei. Kwa hiyo nimepanga kuwa mbele ya macho yake kila saa, kimya, mwenye huzuni, nikionekana mtu wa kuombwa.

Nimeanza vibaya. Basini kiti cha jirani naye kilikuwa kitupu. Nikakifikia pamoja na Nazarali, mwenyeji wetu wa huku: Mtajiki wa Panjakent, mrefu, kofia ya tarizi, meno mawili ya dhahabu. Anazungumza Kifarsi chetu kama alivyokuwa akikizungumza mama wa babu yangu, na wasafiri wote wamekwisha kulewa naye. Akitamka "karibuni" tu, wanaguna kwa raha. Kwa adabu nikamwambia: tafadhali, wewe kwanza, mimi ni nani hata nikae na wewe umesimama! Akasema ahsante kaka, akakaa.

Akakaa! Kwetu tungesimama pale tukisukumiana heshima mpaka dereva apige honi. Nimesafiri nimeegemea mlango.

Jumapili, 28 Aprili. Dushanbe.

Siku ya msiba. Nitaandika pole pole.

Chakula cha jioni, meza moja ndefu, pilau katikati. Bi Turan akagonga glasi kwa kijiko. Mwanamke mdogo wa umbo, mtandio mweusi, sauti ya chini inayowanyamazisha watu. Akasema mbele ya wote: Bwana Hushang, wewe Behruz alikufundisha. Je, Alhamisi utatusemea maneno mawili?

Moyo wangu ukaruka. Nikafanya ambalo angefanya kila mtu aliyelelewa vizuri. Nikakataa. Nikasema mimi ni vumbi la viatu vya Ustadh, ulimi wangu haustahili jina lake, hata ndugu yetu Nazarali hapa anastahili kuliko mimi.

Akaniomba mara ya pili, kama inavyotakiwa. Nikainamisha macho. Nikasema la, la, mama, asemewe na mtoto wa ardhi hii! Nazarali! Mimi nitakaa nyuma nishike viatu vya wageni.

Sasa ilikuwa zamu ya ombi la tatu, lile ambalo mtu huvuta pumzi, hufumba macho na kukubali kwa mzigo wa heshima. Nilikwisha vuta pumzi. Nikamsikia Nazarali akiinuka. Mkono kifuani. Akasema kaka Hushang amemtukuza kuliko alivyostahili, na kwa kuwa ni matakwa ya mwanafunzi wa marehemu mwenyewe, yeye ni nani akatae. Amekubali.

Bi Turan akanitazama. Nikamtazama Mahnush, binti wa kampuni ya safari anayeongoza msafara. Mahnush alikuwa akiandika jina la Nazarali kwenye ratiba.

Nikatabasamu. Ningefanya nini? Nimetabasamu mpaka taya zinauma. Watu wa meza ya pili wakaja kunishika mkono na kusema hawajapata kuona unyenyekevu wa namna ile.

Jumatatu, 29 Aprili. Njiani kuelekea Panjakent.

Milima. Tuneli ndefu yenye giza, maji yakidondoka darini kama ndani ya koo la mgonjwa. Abiria wengine waliomba dua. Mimi nilipanga mbinu.

Mbinu ya kwanza: airudishe hotuba mwenyewe. Nikamwambia Nazarali kwa upole kwamba hotuba ya msiba ni mzigo mzito, asijisumbue. Akasema si usumbufu. Nikasema hewa ya Bukhara ni kavu, inaharibu koo. Akasema koo lake limezaliwa na hewa hiyo. Nikasema basi walau tuigawe, nimpunguzie sehemu ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Akacheka sana, akanipiga mgongoni, akawaambia walio nyuma kwamba kaka Hushang ni mcheshi hasa, mwenye sura ya mtoza kodi lakini moyoni ni harusi tupu.

Mbinu ya pili: nimdhalilishe hadharani, Bi Turan aone. Tulisimama kwenye mkahawa wa kando ya mto, tukakaa juu ya vitanda vyao vya mbao, birika la chai ya kijani katikati. Nikalishika birika mimi. Wote nikawajazia mabakuli yao ya chai hadi ukingoni. Nilipofika kwa Nazarali nikamtilia kidogo, tone la kufunika chini tu, nikamsukumia bila kumtazama. Tusi kamili! Nilisubiri ajikunje.

Mzee mwenye mkahawa akaacha kazi yake akaja mbio. Akanibusu mabegani. Akatangaza kwamba tangu Wairani waanze kupita njia hii, huyu ndiye wa kwanza kujua adabu ya chai: mgeni mtukufu hutiliwa kidogo kidogo ili mwenyeji apate kumhudumia tena na tena. Anayejaziwa bakuli huambiwa anywe aondoke. Wenzangu wakayaangalia mabakuli yao. Daktari wa meno kutoka Nishapur akaniuliza kwa ukali nina ugomvi gani naye.

Bi Turan naye alikuwa na bakuli lililojaa. Alilinywa lote, taratibu, akasema halina neno, Behruz pia alikuwa akimjazia.

Jumanne, 30 Aprili. Panjakent.

Tumepanda kijijini kwenye kaburi la mshairi wa kale. Miti ya matofaa imechanua. Theluji bado iko vileleni. Nazarali alisoma beti juu ya kaburi bila karatasi, akiwa amevua kofia, na watu wazima wenye pensheni zao wakalia waziwazi. Hata mimi nilitoa leso. Nikairudisha mfukoni. Huu ulikuwa wakati wa kupiga.

Nikainua mkono. Nikasema nina swali dogo. Swali lilikuwa hili: je, si kweli kwamba lugha hii ilitunzwa na sisi Wairani, na huku imebaki kama nguo za mitumba? Kisha nikalijibu mwenyewe. Nililijibu kwa urefu. Niliwataja wafalme, makatibu, wachapishaji, adui wa herufi na adui wa irabu. Wanakijiji walikusanyika. Nikapandisha sauti kwa ajili yao.

Nazarali alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Halafu akasema tu kwamba mama yake hajapata kuuliza lugha ni ya nani, alikuwa akiitumia kumwita aje ale. Watu wakacheka. Mzee mmoja mwenye fimbo akamwuliza Nazarali kwa sauti ya viziwi: huyu bwana anauza nini? Akaambiwa hauzi kitu. Mzee akasema basi kwa nini anapiga kelele kama ana punda wa kuuza sokoni.

Nilimtafuta Bi Turan nione kama hoja zangu zimemwingia. Hakuwa kundini. Alikuwa amechuchumaa kando ya kaburi, kidole juu ya jiwe, akilisomea Fatiha na kuligonga pole pole kama mtu anayebisha hodi kwa aliyelala. Nikakaa karibu yake. Alipomaliza aliniambia, bila kugeuka, kwamba siku nilizokuwa nikienda kwao kujadiliana na Ustadh, mumewe akishanisindikiza alikuwa akilala chali na kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Bila shaka. Fikra nzito huchosha. Nilifurahi kujua kwamba nilimwachia mengi ya kutafakari.

Jumatano, 1 Mei. Bukhara.

Mpakani asubuhi, treni kutoka Samarkand, na alasiri hii hapa Bukhara.

Niandike kwanza lililotokea mjini, kwa sababu hata mimi nilinyamaza. Tuliposhuka mji wa kale, Bi Turan hakumngoja kiongozi. Alitangulia. Akasema: sasa kulia kuna bwawa lenye miforosadi. Lilikuwapo. Akasema: upande ule kuna soko lenye kuba, ndani kuna baridi. Kulikuwa na baridi. Aliingia vichochoroni, kushoto, kulia, mtandio ukikwaruza kuta za udongo, na sisi wote nyuma yake, Nazarali akiwa amefunga mdomo. Alikuwa akitembea ndani ya ule mchoro wa ubaoni. Kisha kichochoro kimoja kikaishia ukutani. Ukuta mpya, wa matofali. Akasema hapa Behruz aliweka njia. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Juu yake walitua njiwa.

Baadaye Nazarali alinifuata kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni. Uso umemshuka. Akasema kaka, usiku wa jana sikulala vizuri. Mtu huyu sikumjua. Vitabu vyake nimevisoma, lakini Bi Turan hakuolewa na vitabu. Alikuwa mtu wa namna gani? Alicheka vipi? Alipenda nini? Wewe ulikuwa mtu wake wa karibu, nisaidie.

Nikaona mlango umefunguka. Mbinu ya tatu, na bora ya zote: nimjaze uongo! Asimame kesho mbele ya mjane aseme mambo ya ajabu, watu wajikunyate vitini kwa aibu, ndipo nami niinuke kuokoa heshima ya marehemu.

Nikavuta kiti. Nikamwambia kwa sauti ya siri kwamba Ustadh, mtu yule mkavu wa tai na miwani, alikuwa akiimba jikoni. Ndiyo, jikoni! Akimenya mabiringani. Tena nyimbo za watoto wachanga, tena vibaya. Nikaongeza kwamba alikuwa na woga wa majogoo, na kwamba akipita mtaani alivua kofia kuwasalimu punda wa mikokoteni. Niliyatoa kichwani palepale. Nazarali alisikiliza kama mtu anayepewa maji. Akanishukuru kwa kunibusu kichwa.

Nimelala chali, nacheka peke yangu. Kesho!

Alhamisi, 2 Mei. Bukhara.

Asubuhi tulikwenda kwa Bi Mavluda, shangazi yake Nazarali, mwenye nyumba ya ua mpana na mzabibu. Halua ilipikwa pale. Bi Turan na wanawake wa nyumba walizunguka karai moja, unga na samli, wakipokezana mwiko, mikono ya mmoja ikichoka mwingine anashika. Kila anayeshika anamtaja maiti wake. Bi Mavluda alimtaja kijana wake aliyefia kazini Urusi. Harufu ya zafarani na maji ya waridi ilijaa ua mzima. Mimi niliagizwa nikae mbali na moto.

Ndipo Nazarali, mtu asiye na akili ya kuficha kitu, akamwendea Bi Turan kumwuliza kama yafaa kuyasema yale. Niliona kwa mbali. Niliona mwiko ukisimama. Bi Turan akakaa kwenye ngazi. Nikajua mambo yameharibika kabla ya wakati, nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Akaniita. Macho yamejaa. Akanishika mkono kwa mkono wake wenye unga. Akasema: nani alikwambia? Tangu tuoane, hilo la mabiringani hakulijua mtu. Sauti ya Behruz ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Alikuwa akisubiri nifunge dirisha ndipo aanze. Na jogoo wa jirani! Akicheka na kulia, akisema jogoo, jogoo.

Nikainamisha kichwa. Nitawezaje kueleza? Hata nikibuni, nabuni ukweli. Hicho ni kipaji.

Akasema amebadili shauri. Mwaka mzima watu wamemsemea Behruz: chuo, msikiti, magazeti, kila mtu na Ustadh wake. Mumewe bado hajasemewa. Atasema mwenyewe, leo, hapa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nazarali akaweka mkono kifuani: mama, nimefurahi kuliko ningesema mimi. Bi Mavluda akamfuta Bi Turan unga usoni kwa ncha ya mtandio.

Alasiri ua ulijaa. Wasafiri wetu, majirani, wazee wenye kofia. Halua kwenye sahani, imekandamizwa kwa mgongo wa kijiko ikawa na mawimbi. Bi Turan akasimama. Na kwa kuwa ni mwanamke wa adabu za kale, akanigeukia kabla ya kuanza, akasema: mbele ya Bwana Hushang mimi nina neno gani? Tafadhali, wewe kwanza.

Hapa nataka shajara hii ishuhudie kwamba nilikuwa nimekwisha jifunza. Jumapili niliombwa nikakataa, nikaadhibiwa. Nikaapa kwamba nikikaribishwa tena, hata na adui, hata kwa nusu neno, nitakubali papo hapo. Mahnush alikuwa ameketi jirani nami. Nilimsikia akininong'oneza: Bwana Hushang, usithubutu, sema hapana, hiyo ni heshima tu. Alinishika hata koti.

Nikasema: nimekubali. Nikainuka.

Bi Turan alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyefungua mlango akakuta amewekewa kabati. Kisha akakaa.

Nilisema vizuri! Nilianza na jina la Ustadh, nikaenda kwa waliomnyima pasipoti, nikawachana. Nikashuka kwa waliomwonea chuoni. Kutoka hapo, kwa mantiki isiyokwepeka, nikafika kwa wanaonionea mimi, na mhariri aliyekata aya yangu ya mwisho mwaka juzi. Nikawajibu wote. Nikarudi kwenye suala la lugha, maana kule kijijini lilibaki nusu, na hapa palikuwa na wasikilizaji wenye akili zaidi. Daktari wa meno alikohoa. Sikumjali. Jua lilipanda ukutani, likatoka kwenye mzabibu, likaondoka uani. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye kundi la tatu la maadui wakati adhana ya magharibi ilipoita na wazee wakainuka kutawadha.

Watu walikula halua wakiwa wamesimama, wakasoma Fatiha kwa haraka, wakaaga. Ilikuwa imepoa na kukauka pembeni. Mahnush alisema gari linangoja. Nazarali alikwenda kwa Bi Turan akapiga goti, akamwambia kitu. Bi Turan akatikisa kichwa: basi, mwanangu, wakati wake umepita.

Nilipopita mbele yake aliniambia: umechoka, Bwana Hushang. Kapumzike.

Siku kama ile, na bado ananifikiria mimi!

Hakusema neno jingine. Naelewa. Baada ya hotuba ile, angeongeza nini?

Jumamosi, 4 Mei. Uwanja wa ndege, Bukhara.

Tunaondoka. Nazarali amekuja kutuaga.

Jana nzima Bi Turan alijifungia chumbani. Mahnush hajanisalimu tangu juzi. Wivu wa kitaaluma. Basini viti vyote vilivyonizunguka viliachwa vitupu, nikajinyoosha. Mtu akishasema kitu kikubwa, watu humwachia nafasi. Nimetumia nafasi hiyo kuandika makala: "Kufa kwa Adabu Katika Nchi za Kifarsi," jinsi watu wa siku hizi wanavyodandia kila wanachokaribishwa bila haya. Makali. Bukhara itanikumbuka.

Ninapoandika haya nimeketi kwenye benchi, nao wako mbali, karibu na mizani ya mizigo: Bi Turan na Nazarali. Anamsimulia jambo. Sisikii. Anazungumza haraka, mtandio umemteleza na hajali. Sasa ameweka mikono nyuma, ameinamisha kichwa upande mmoja, anatembea hatua kadhaa kwa kuburuta mguu, anasimama ghafla, anajifanya kurekebisha miwani. Nazarali anacheka mpaka anashika mizani. Sasa hacheki. Anajifuta macho kwa kofia yake, na bibi naye amemshika bega, anaendelea kusema, anaendelea, huku watu wa mizigo wakiwapitia kando na ndege yetu ikiitwa.

Ni wazi kabisa. Anamwigizia jinsi nilivyosimama siku ile kutoa hotuba. Amekosea mguu na miwani tu. Mimi siburuti mguu, wala sivai miwani. Lakini nimeguswa. Sikujua kama nilimwingia moyoni kiasi kile.

Mwakani ni mwaka wa pili wa Ustadh. Nimesikia msafara utakwenda Samarkand. Nimekwisha anza kuandika.